Bunduki au kamera? Sheria ya wanyamapori ya Kenya na ya Tanzania, kijiji chenye pori kichague nini

Mdogo wangu kanipigia simu juzi usiku. Kijijini anapokaa wanajadili kutenga pori la kijiji liingie kwenye WMA, yaani hifadhi ya wanyamapori ya jamii, na kikao kimegawanyika vipande vitatu: wapo wanaotaka eneo likodishwe kwa kampuni ya uwindaji, wapo wanaotaka watalii wa picha tu, na wapo wazee wanaosema jamani sisi bora tungezaliwa ng'ambo ya pili, Kenya, kule sheria inamlipa mwananchi. Nikamwambia hilo la tatu haliwezekani ila ni zuri kulijadili, maana ukizilinganisha hizi sheria mbili vizuri ndo unaanza kuona swali gani la kuuliza kwenye kikao. Hapa naandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye shamba, ng'ombe au pori karibu na wanyama.

Mimi nimekulia Rombo ya chini, karibu na mpaka, na mama mdogo kaolewa Loitokitok, upande wa Kenya, kwa hiyo haya mambo nimeyakuta yanaongelewa nyumbani toka mtoto. Tembo walewale wanakula mahindi ya babu leo, kesho wako kwa mama mdogo, ila anachoambiwa babu na afisa wa huku na anachoambiwa mama mdogo na afisa wa kule ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na sheria zenyewe. Kenya walipiga marufuku uwindaji 1977, na mwaka uliofuata wakafunga biashara ya nyara, ngozi na pembe. Sheria yao ya sasa ilipitishwa 2013 ikaanza kazi Januari 2014, na marufuku ile haikuiondoa. Tanzania tulikuwa na sheria ya 1974, ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009, ambayo inaruhusu uwindaji kwa leseni, kwa vitalu (maeneo yaliyopimwa kwa ajili ya kuwindia), kwa msimu na kwa idadi maalumu ya kila mnyama. Hifadhi za taifa hakuna kuwinda, Ngorongoro hakuna, ila mapori ya akiba, mapori tengefu na hizo WMA ndo kwenye vitalu. Msimamizi wa vitalu sa hivi ni TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, ambayo ilianza kazi 2016, na toka 2019 vitalu vinagawiwa kwa mnada wa mtandaoni badala ya ule utaratibu wa zamani wa kupangiwa.

Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanahitimisha haraka, kwamba Kenya wanalinda na Tanzania tunaua. Sikubali. Kuna utafiti uliochapishwa 2016, wa Ogutu na wenzake, ulioonyesha kwamba wanyama wakubwa kwenye nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa asilimia kama 68 kati ya 1977 na 2016, yaani kuanzia mwaka uleule wa marufuku. Kilichowamaliza ni uzio, mashamba, mifugo mingi, watu kuongezeka na ujangili wa nyama, na marufuku ya uwindaji haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Mfugaji wa Kajiado kwa miaka mingi alikuwa anamlisha pundamilia bure kwenye nyasi zake, haruhusiwi kumla, haruhusiwi kumuuza, mapato ya geti yanaenda kwingine. Akija mtu anataka kununua ekari 50 apige uzio, amkatalie kwa sababu gani?

Ila na sisi tusijisifu. Tembo wa Tanzania walihesabiwa kama 109,000 mwaka 2009, ilipofika 2014 wamebaki kama 43,000. Miaka mitano! Na hiyo ilitokea huku sheria mpya ya 2009 ipo kabatini, vitalu vipo, askari wapo. Wawindaji wa leseni sio waliowamaliza wale tembo, walikuwa majangili, na pembe zilipita bandarini, ila ile hoja kwamba kampuni ya uwindaji ikiwa porini basi majangili hawaingii, kwenye pori la akiba la Selous, kusini, ilishindwa mchana kweupe. Kwa hiyo kama mtu atasimama kikaoni aseme tuchague bunduki kwa sababu inalinda au tuchague kamera kwa sababu inalinda, mwambieni atoe mfano wa mahali na miaka, vinginevyo anaongea ya vitabuni.

Tembo mmoja, sheria mbili

Hili ndo linaloniuma zaidi, naomba nilikalie kidogo.

Kanuni za Tanzania zinasema tembo wa kuwindwa lazima awe na pembe yenye uzito wa kuanzia kilo 20 au urefu wa kuanzia sentimita 160. Nia ni nzuri, wasipigwe vijana wala majike. Simba vilevile, dume lazima awe na miaka 6 kwenda mbele. Sasa fikiria dume la tembo wa Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo karibu na mpaka, watafiti wanamfuatilia yeye na ukoo wake toka 1972, ana miaka 40 na kitu, pembe zinagusa ardhi, watalii wanapanda ndege kutoka Ulaya kumwona yeye tu. Mmoja wao, Tim, alikufa Februari 2020 akiwa na miaka kama 50, kifo chake cha kawaida, Kenya nzima ikasikitika. Dume kama huyo akivuka mpaka kuja WMA ya Enduimet upande wa Longido, hatua chache tu, hakuna ukuta hakuna alama anayoijua yeye, tayari ni mnyama halali wa leseni. Na kwa kipimo cha kanuni zetu yeye ndo anayefaa kuliko wote, maana ndo mwenye pembe.

Kwa miaka karibu 30, toka miaka ya 90 katikati, kulikuwa na makubaliano kwamba tembo wa eneo lile la mpakani wasiwindwe. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa makubwa yakapigwa ndani ya miezi michache, kelele zikawa kubwa pande zote mbili. Kisheria walioua walikuwa na vibali. Mimi naona pale sheria zote mbili zilishindwa, ya Kenya kwa sababu inaishia mpakani, na yetu kwa sababu inapima pembe tu wala haiulizi huyu mnyama anamlisha nani mwingine akiwa hai. Wanaojua tembo wanasema madume wazee ndo wanaopandisha zaidi na ndo wanaowatuliza vijana, ukiondoa watano wa umri ule kwenye kundi dogo umeondoa kitu ambacho hakirudi kwa miaka 40.

Na bado jamaa zangu wa upande ule wana hoja yao. Tembo akiwa hai anailetea Amboseli mapato, akivuka anakula mahindi ya upande wetu. Tukitaka Mtanzania amwachie tembo wa Amboseli, basi na mapato ya Amboseli yavuke mpaka. Hilo halipo kwenye sheria yoyote kati ya hizi mbili na naona lingefaa liwepo.

Pesa inapita mikono mingapi

Hapa ndo penye uamuzi wa kijiji, mengine yote ni maelezo.

Kenya, sheria ya 2013 ilimpa mwenye ardhi au jamii haki ya kuanzisha konsavansi, yaani hifadhi ya wanyama kwenye ardhi yao wenyewe, na ikaitambua kuwa ni matumizi halali ya ardhi. Kule Maasai Mara, ambako ranchi za jumuiya ziligawanywa kila familia ikapata hati yake, makampuni ya kambi yanakodi moja kwa moja kutoka kwa wenye viwanja, mkataba wa miaka 15 au zaidi, Olare Motorogi, Mara North, Naboisho na nyinginezo. Kodi inalipwa kwa ekari, watalii waje wasije, na inaingia kwenye akaunti ya mwenye ardhi. Mzee akiamka asubuhi anaangalia simu, hela ipo au haipo, na kama haipo anajua nani wa kumpigia. Kitu kidogo hicho lakini kinabadilisha kila kitu.

Tanzania, ardhi ni ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Vijiji vinakaa mkutano mkuu, vinatenga eneo, vinafanya mpango wa matumizi ya ardhi, vinaunda jumuiya, jumuiya inaomba haki ya matumizi kutoka serikalini, ndo inaweza kusaini na mwekezaji. Ni safari ndefu, kuna vijiji vimechukua miaka. Pesa za uwindaji kwa muda mrefu zimekuwa zinapita serikalini kwanza, zinakatwa kwa asilimia, kisha zinarudi kwenye jumuiya, jumuiya nayo kwa kanuni inatakiwa igawe angalau nusu kwa vijiji wanachama. Zikifika kijijini zinajenga darasa au zahanati. Sio kitu kibaya, nimeona madarasa hayo kwa macho. Lakini yule mama ambaye simba kachukua mbuzi wake wanne anaambiwa angalia darasa lile pale, hilo ndo gawio lako, na mwanae alishamaliza shule.

Kwa hiyo kwenye hili nasema wazi, utaratibu wa Kenya ni bora. Kadiri pesa inavyopita mikono michache ndivyo mwananchi anavyomvumilia mnyama.

Ila tahadhari mbili. Ya kwanza, Mara ni Mara. Pana uwanda wazi, viwanja vya ndege, jina linalojulikana dunia nzima. Ukichukua mkataba wa Mara ukaupeleka Namtumbo au Tunduru, kwenye pori la miombo lenye mbung'o ambako gari linatembea masaa manne huoni hata swala, hakuna kampuni ya kamera itakayokuja. WMA za kule kama Mbarang'andu na Nalika, kwenye ushoroba, yaani njia ya wanyama, kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, mteja wao ni mwindaji, maana mwindaji hahitaji barabara nzuri wala wanyama 500 kwa siku, wageni kumi kwa msimu wanatosha. Ukiifuta bunduki pale bila kuweka kitu kingine, kinachofuata ni jembe na mkaa. Linganisha na Burunge, katikati ya Tarangire na Ziwa Manyara, lami iko karibu, kambi ziko nyingi, pale kamera inalipa kuliko bunduki na haina haja hata ya kubishana.

Tahadhari ya pili, zote mbili zinategemea mgeni kutoka nje. Marekani ilipozuia nyara za tembo wa Tanzania kuingia kwake mwaka 2014, alafu baadae ikabana na simba, vitalu vingi vilirudishwa serikalini kwa kukosa wateja, na vijiji vilivyokuwa vinasubiri gawio vikabaki vinasubiri. Corona ilipokuja 2020, konsavansi za Kenya nazo zikalazimika kupunguza kodi, wenye ardhi wakarudisha ng'ombe. Mkataba ambao hausemi itakuwaje wageni wasipokuja, kama ni wa bunduki kama ni wa kamera, msisaini.

Shamba likiliwa, au mtu akifa

Hata maneno yenyewe yanakwambia. Kenya sheria inasema fidia. Sisi tunasema kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu. Fidia ni haki yako unayoidai, kifuta machozi ni kitambaa unachopewa na mtu aliyekuhurumia. Sheria yetu haikukosea kutafsiri, ndivyo ilivyokusudiwa.

Namba: sheria ya Kenya ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 za kwao kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Hiyo milioni 5 kwa hesabu yoyote ni zaidi ya milioni 80 za kwetu. Kanuni za Tanzania za 2011 ziliweka milioni 1 kwa kifo, laki 5 ulemavu wa kudumu, laki 2 jeraha. Kwa mazao ziliweka kwa ekari na kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi: shamba likiwa ndani ya mita 500 hupati kitu, ukisogea unapata kidogo, laki 1 kwa ekari ni mpaka uwe zaidi ya kilomita 5, na mwisho ekari 5. Viwango vya leo kaulizeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla hamjapiga hesabu.

Ukizisoma karatasini utasema Kenya wameshinda kwa mbali. Ngoja kwanza. Ile milioni 5 ilileta madai mengi kuliko bajeti, malimbikizo yakafika mabilioni, kuna familia zimesubiri miaka. Na kwa mazao sheria yao ina mlango wa kukutolea nje, kwamba kama hukuchukua hatua za maana za kulinda shamba, au unalima mahali ambapo mpango wa eneo umekataza, hulipwi. Mama mdogo alinieleza siku moja, "mwanangu, hiyo fidia ni kama mvua ya Loitokitok, unaiona mlimani kila siku."

Babu yangu upande wa huku nakumbuka asubuhi moja, nilikuwa darasa la 5. Mahindi yalikuwa yameshaanza kukaza, wiki mbili tatu avune. Tukaamka tukakuta ekari nzima imelala chini kama imepigwa fimbo, mabua yametafunwa katikati, nyayo zimezama kwenye udongo mbichi na ndani yake maji yameshajaa, na bibi tayari yupo shambani anakusanya mabua apeleke kwa ng'ombe. Babu akamwambia usiguse, usiguse, afisa lazima aone. Wakasubiri. Afisa alikuja siku ya sita na futi ya fundi, mvua ilishanyesha mara mbili, nyayo zimekuwa vidimbwi, na yale mabua ya kulisha ng'ombe yameoza. Hakuandika tembo, aliandika "mnyama asiyetambulika". Hicho ndo kipindi nilipojua kwamba kiwango kilichoandikwa sio kitu kama hakuna mtu wa kufika kwa wakati.

Siku hizi simu zipo, kwa hiyo mkiamka mmeliwa shamba pigeni picha kabla ya kitu chochote, weka mguu wako au jembe pembeni ya unyayo uonekane ukubwa, piga na mpaka wa shamba na mti unaojulikana, mpigie mtendaji wa kijiji hapohapo na muandike tarehe. Hii ni kwa nchi zote mbili. Na uzio wa mizinga ya nyuki, ile wanayofunga kwa waya mti hadi mti kule Sagalla, Taita, inafanya kazi, tembo anaogopa nyuki kweli, alafu unapata na asali.

Adhabu nitapita haraka, zote ni kali. Kenya 2013 iliandika faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha kwa kuua wanyama walio hatarini kutoweka, sisi kupatikana na nyara ni miaka 20 hadi 30. Ukali sio tatizo, ushahidi ndo tatizo: Feisal Mohamed Ali, aliyeshtakiwa kwa pembe za ndovu, alifungwa miaka 20 Mombasa mwaka 2016, 2018 Mahakama Kuu ikamwachia. Tofauti ya maana kwa mwanakijiji ni nyamapori. Tanzania toka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, unanunua nyama ya nyati kwa leseni na risiti na unakula kwa amani. Kenya, hata kipande cha digidigi kwenye sufuria ni kesi. Hapa naona sisi tumefanya vizuri, mtu anayeweza kula nyama kihalali ana sababu moja zaidi ya kumkasirikia mtega nyaya.

Sasa kwa mdogo wangu na kikao chake

Pori lenu liko kilomita 20 kutoka lami na pembeni ya hifadhi ya taifa yenye watalii. Kwa hapo mimi nachagua kamera, bila kusitasita, na nawaambia wale wazee wa bunduki kwamba siwapingi kwa Tunduru, nawapinga kwa hapa. Kampuni moja ya kamera ikishajenga kambi, mkiweka na mwindaji jirani yake mtapoteza wote wawili, wageni hawalali mahali wanaposikia risasi na tembo aliyepigwa leo kesho anakimbia gari. Kama pori lenu lingekuwa la mbung'o lisilo na barabara ningechagua bunduki, kwa sharti la idadi ndogo na mtu wa kijiji awepo kila mnyama anapopigwa.

Alafu chukueni mfumo wa Kenya kwenye malipo hata kama sheria yetu haiwalazimishi. Jumuiya na kijiji vinaweza kukubaliana kwenye mkutano mkuu kwamba sehemu ya gawio iende kwa kaya, taslimu kwenye simu, na orodha ya waliolipwa ibandikwe ofisi ya kijiji.

Kuhusu ardhi, hapa msije mkalala. Hati ya Kenya ni ya mtu, anaweza kuiuza na akaharibu ushoroba mzima, hiyo ni hasara yao. Ardhi yetu ya kijiji haiuzwi kirahisi hivyo, lakini mipaka ya mapori inaweza kubadilishwa kutoka juu. Sheria ya 2009 ilisema ardhi ya kijiji isiwe ndani ya pori tengefu, na utekelezaji wake ndo ulioleta yale ya Loliondo 2022, kilomita za mraba 1,500 zikatengwa zikaitwa Pololeti na wafugaji wakatolewa kwenye malisho yao. Kwa hiyo kabla ya kutenga hata ekari moja, cheti cha ardhi ya kijiji kiwe mkononi, ramani yenye viwianishi (namba za GPS) iwe imesainiwa na vijiji jirani, na eneo la malisho ya kiangazi liandikwe kwa jina kwenye mpango, msikubali kuambiwa "hilo tutaongea baadae".

Kikao ni Jumamosi. Nimemwambia apite kwanza kijiji cha jirani ambacho kiko WMA toka zamani, aombe kuona mkataba wao na vitabu vya miaka 3 ya mwisho, na amuulize mwenyekiti mbele ya watu: mara ya mwisho hela zilipoingia, ilikuwa tarehe ngapi na zilikuwa shilingi ngapi.